Kaboni kwenye baiskeli: fundi wa Kasulu kanifundisha hesabu

Najua nimepotea hapa kijiweni kwa wiki kama mbili hivi, mnisamehe. Nilikuwa kwetu Kigoma, nyanda za juu kule Kasulu na Kibondo, nusu kikazi na nusu likizo. Nimerudi Dar na vumbi jekundu kwenye kila nguo, dumu la mawese la kugawia majirani, na hoja moja ambayo nimeona niilete kwenu. Hivi vifaa vya kaboni tunavyovitolea macho kila siku, vina thamani ya hela tunayovilipia kwenye baiskeli za mlima?

Wale tunaoendesha wote Jumapili asubuhi mnanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nawaimbia wimbo wa kaboni kutwa kucha. Mwaka jana nikafanya kweli, nikanunua usukani wa kaboni wa mtumba. Muuzaji akaniapia kwamba umetumika miezi mitatu tu. Mshahara wa ripota mnaujua wenyewe, kwa hiyo sitataja niliacha kulipa nini mwezi ule ili niupate. Nikaufunga, nikaupiga picha, nikajiona nimeingia daraja jingine la maisha.

Kwa ambao hamjawahi kulishughulikia suala hili, kaboni si chuma wala si plastiki ya kawaida. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinapangwa tabaka juu ya tabaka, zinashikanishwa kwa gundi ya epoksi na kuokwa kwenye kalibu. Matokeo yake ni kitu chepesi na kigumu sana. Ile Dreamliner ya ATCL iliyotua nchini mwaka 2018, karibu nusu ya uzito wake ni vifaa vya namna hiyo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kaboni ni takataka. Ingekuwa takataka tusingepanda angani nayo.

Sasa twende Kasulu. Baiskeli yangu ilisafiri kwenye buti la basi, usukani umegeuzwa pembeni ili ienee. Nilipofika nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko aurudishe sawa. Mzee wa makamo, ana pampu, nyundo, karai la maji la kutafutia tundu la tyubu, na kopo la spana zilizochoka. Akaugusa usukani, akauliza, "Mjomba, hii ni plastiki?" Nikacheka kwa dharau kidogo, nikamweleza habari za kaboni kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu. Kisha nikamwambia, "We kaza tu vizuri, mzee wangu." Akakaza vizuri. Anavyokaza Phoenix ya kubeba gunia, ndivyo alivyokaza na huo wa kwangu.

Hapo ndipo palipoharibika, na kosa ni langu. Usukani wa kaboni unafungwa kwa kipimo. Mara nyingi ni kati ya nyutoni-mita 4 na 6, na kipimo chenyewe kimeandikwa pale pale kwenye shingo ya usukani. Nyutoni-mita 5 ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 5 kwenye ncha ya spana ya sentimita 10. Ni nguvu ndogo mno kwa mkono wa fundi aliyezoea vyuma. Ndiyo maana kuna spana maalumu yenye kipimo. Mimi nilikuwa nayo? Sikuwa nayo. Nilikuwa na hela ya usukani, sikuwa na hela ya spana yake.

Kesho yake binamu yangu, kijana wa kidato cha tatu, akaiomba baiskeli akapige nayo mzunguko. Nikampa. Mnaoijua Kasulu mnajua miteremko yake: unashuka mpaka machozi yanatoka, halafu kuna daraja la miti na mfereji. Akarudi anahema, anafurahi, akaniambia, "Kaka, baiskeli tamu, ila usukani unalia." Nikamjibu ni mchanga tu. Akashuka tena. Mara mbili zaidi!

Jioni nikarudi kwa yule fundi. Hakutumia chombo chochote cha ajabu. Alichukua sarafu akawa anagonga usukani taratibu toka pembeni kuja katikati, ameinamisha sikio, kama akina mama wanavyogonga chungu sokoni kabla ya kutoa hela. Pembeni ilikuwa inalia kwa sauti kavu. Karibu na shingo sauti ikafa. Akafungua nati, tukaona ufa mwembamba kama unywele, umezunguka karibu robo ya usukani. Yule mtoto alikuwa ameshuka ule mlima mara tatu akiwa ameshikilia kitu hicho, bila kofia ngumu kichwani.

Mzee akaniambia neno ambalo sitalisahau: "Chuma kikichoka kinapinda, unakiona. Hiki kimekuonya mara moja. Mara ya pili hakisemi."

Wadau, usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza namna ambavyo ningemwamkia mjomba wangu asubuhi kama mwanawe angekuwa hospitali. Ningesema nini? "Shikamoo mjomba, nilipunguza gramu 100"?

Maana ukweli wa hesabu ndio huo. Usukani wa alumini wa baiskeli ya mlima una gramu kama 300, wa kaboni kama 200. Tuseme ubadilishe usukani, nguzo ya kiti na krenki, na ujibane mpaka upunguze nusu kilo nzima. Wewe, baiskeli, maji na begi mna jumla ya kilo 80. Nusu kilo ni chini ya asilimia moja. Kwenye mlima mkali wa kupanda saa nzima utaokoa sekunde kama 22. Nusu kilo ni chupa moja ndogo ya maji. Iache chini kabla ya kuanza kupanda, umeshapata kaboni ya bure.

Na bei je? Usukani mpya wa kampuni inayoaminika unaanzia kama dola 150, yaani karibu laki nne za kwetu kabla ya usafiri na ushuru. Magurudumu ya kaboni ndiyo usiseme, hapo tunazungumzia dola elfu moja na kuendelea. Mjomba nilipomtajia bei ya usukani peke yake alinyamaza kidogo, akauliza, "Na mjomba, huo unabeba gunia?" Haubebi. Hata keria usijaribu kuifunga kwenye nguzo ya kiti ya kaboni, bano lake litaikata.

Hata hivyo nisije nikaonekana namsema ndege kwa kuwa nimeshindwa kumkamata. Kaboni ina sifa zake za haki. Iliyotengenezwa vizuri na kufungwa vizuri inastahimili kuchoka kuliko alumini, na inapunguza mtetemo unaofika mikononi. Nakubali kabisa kwamba kwenye barabara ya changarawe mikono yangu ilikuwa haifi ganzi kama zamani. Na kwa mshindani wa kweli sekunde 22 ni medali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza Afrika, na Tadej Pogačar akashinda mbio kubwa ya wanaume. Pale kaboni ilikuwa kila mahali, na ilistahili kuwepo. Lakini nyuma ya kila mmoja wao kulikuwa na gari lenye baiskeli za akiba juu, na fundi mwenye spana ya kipimo. Kaboni ni baiskeli pamoja na lile gari. Sisi tunanunua nusu ya kwanza tu.

Kuna jambo jingine lililonifanya nijicheke. Tom Ritchey wa California ni mmoja wa waliotengeneza baiskeli za mlima za mwanzo kabisa miaka ya 1970. Alipokwenda Rwanda mwaka 2005 na kuona wakulima wanavyohangaika na kahawa, alibuni baiskeli ndefu ya mizigo ya chuma. F.K. Day naye ni mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni ambayo leo inauza vifaa vya kaboni dunia nzima. Mwaka 2005 yeye na mkewe wakaanzisha World Bicycle Relief, na baiskeli yao ya Buffalo inayotumika vijijini Afrika ni ya chuma, ina zaidi ya kilo 20 na keria yake inabeba kilo 100. Hawa ni watu ambao wangeweza kuchagua kitu chochote. Walipofikiria barabara zetu, mizigo yetu na mafundi wetu, wakachagua chuma.

Siku iliyofuata fundi alinifungia usukani wa chuma aliouchomoa kwenye baiskeli iliyokufa. Elfu nane, pamoja na ufundi. Nikaondoka nao kuelekea Kibondo. Njia ile siku hizi imebadilika, mradi wa lami wa kilomita 260 kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu mpaka Manyovu umeifuta sehemu kubwa ya vumbi tulilokulia. Lakini ukiacha lami ukaingia vijijini, ni mawe na makorongo yale yale. Huko nilipishana na vijana wanasukuma baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi, mihogo, keria zimechomelewa kwa nondo, fremu zina makovu ya kuchomelewa mara tatu au nne. Kila kovu ni siku ambayo mtu alifika nyumbani. Fremu ya kaboni ikivunjika Kibondo, imevunjikia Kibondo. Wanaotengeneza kaboni wapo duniani, ila si kwenye kibanda cha kuchomelea.

Basi msimamo wangu ni huu, mnaotaka kunirushia mawe rusheni. Kama unashindana kweli, hela unayo na spana ya kipimo unayo, nunua kaboni mpya, tena kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha ilikotoka. Kaboni ya mtumba usiiguse, kwa sababu ajali ya mwenye nayo wa kwanza hauioni kwa macho. Kama wewe ni kama mimi, hela yako ya kwanza peleka kwenye matairi mazuri, ya pili kwenye breki, ya tatu kwenye kofia ngumu, na ya nne kwa fundi wako. Ukimaliza hayo yote na bado una hela inakuwasha, basi rudi tuzungumze habari za gramu.

Na tuambizane ukweli, wengi wetu hatununui wepesi. Tunanunua ile picha. Tunataka baiskeli ifanane na za kwenye video za watu wa Ulaya, hata kama sisi wenyewe tunaenda nayo Kigamboni kunywa supu. Sisemi ni dhambi, hata mimi nimo. Ila mtu akikuomba baiskeli yako akaendeshe, ile picha haitamshika akianguka.

Usukani wenye ufa nimeuning'iniza ukutani juu ya meza ninayoandikia. Wa elfu nane bado uko kwenye baiskeli, una kutu kidogo upande wa kushoto. Binamu yangu nimemtumia kofia ngumu kwa basi la juzi, na amenijibu kwa meseji moja tu: "Asante kaka, ila baiskeli je?"

Jumapili tukutane pale pale saa kumi na mbili asubuhi. Anayetaka kunicheka kwa kutu yangu anikute kwenye mlima.

Naomba kuwakilisha.