Nyembamba au Nene?

Kuna jambo linalobishaniwa bwenini kila usiku: mtu akijaliwa fedha za kununua kompyuta ya kupakata, achukue ile nyembamba kama daftari, au ile nene?

Kwangu mimi huu si ubishi wa kupitisha wakati. Baba ameuza fahali mmoja ili niingie Chuo Kikuu na chombo changu mwenyewe, na mjomba wangu, ambaye naye alisoma hapa, ndiye atakayeninunulia Kampala. Amekwisha kuniletea picha ya nyembamba. Fahali wa pili hatuna.

Nakiri kwamba naitamani. Tangu Steve Jobs alipoitoa MacBook Air katika bahasha mbele ya watu, mwezi wa Januari 2008, viwanda vimekuwa vikishindana kupunguza unene. Wala si urembo mtupu. Ile ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1 ina uzito wa kilo 1.29 tu. Haina feni, basi haivuti vumbi letu jekundu tumboni, na walioiunda wasema yaweza kutumika katika intaneti hadi saa 15 bila kutiwa umeme. Sisi ambao taa huzimika kabla kipindi cha kujisomea hakijaisha, twajua thamani ya saa 15. Wenzangu wanaozicheka nyembamba hawalitaji jambo hili hata kidogo.

Lakini wembamba una malipo yake. Kumbukumbu ya kompyuta hiyo imeshikamanishwa ndani moja kwa moja. Ukinunua yenye GB 8, ni hizo hizo mpaka ife. Flashi zetu za kawaida haziingii katika matundu yake bila adapta, na adapta bwenini ni kitu cha kwanza kuazimwa na cha mwisho kurudi. Tena mwaka 2015 Apple walitoa MacBook yenye unene wa milimita 13.1, na kibodi yake ilikuwa nyembamba mno hata chembe ya vumbi iliweza kuifanya herufi igome au ijiandike mara mbili. Mwaka 2018 walianza kuzitengeneza kibodi za namna hiyo bure, na mwaka 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi huko Marekani. Mwenye kompyuta kule alikuwa na mahali pa kuipeleka. Mimi nitaipeleka wapi?

Mwaka jana betri ya kompyuta nyembamba ya mwenzetu mmoja ilivimba, kiwanda sikitaji. Fundi wa mjini aliifungua, akaikuta betri imegandishwa kwa gundi, akaifunga tena. Kupata nyingine ilikuwa kuagiza na kungoja, na mtihani haukungoja.

Sasa tazama ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo mjomba aiita tofali. Betri yake ya nyuma huchomolewa kwa mkono, na ya pili imo ndani. Kumbukumbu ina nafasi mbili, na fundi mwenye bisibisi aweza kuiongeza. Tundu la waya wa mtandao lipo. Ni kweli yalemea bega, na kwa kuwa nitainunua iliyokwisha tumika, nanunua pia uchovu wa mtu mwingine.

Mjomba asema, "Mpwa wangu, utachekwa chuoni." Huenda. Yeye afanya kazi ofisini, na duka la kompyuta liko ng'ambo ya barabara. Kwake nyembamba yafaa sana, nami simlaumu. Lakini yangu itarithiwa na dada yangu aliye S.2, na baada yake yuko mdogo wetu. Nanyi wanafunzi wa zamani mnaotuletea zawadi shuleni, tafadhali muulizeni kwanza fundi wa hapa ni zipi awezazo kuzifungua.

Mjomba atakuja Jumapili ya kutembelewa. Nitamwomba anunue tofali, na fedha zitakazobaki zinunue betri mpya.