Tone la Mate Halimjui Bondia

Juma lililopita niliketi katika semina moja ya chuo nikamsikiliza msomi kijana akipendekeza kwamba watoto wanaotaka kujiunga na ndondi wapimwe mate kwanza, ili wenye “jeni za upiganaji” wateuliwe mapema na wengine waelekezwe kwingine, fedha za umma zisipotee. Ukumbi ulipiga makofi. Maafisa wawili wa serikali waliandika jambo katika daftari zao. Makofi yalinikera; maandishi yale yaliniogofya.

Sikatai kwamba haiba ina mizizi katika urithi. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha mara nyingi kwamba asilimia 40 hivi ya tofauti za haiba baina ya watu huambatana na tofauti za vinasaba. Lakini urithi huo umesambaa katika maelfu ya vijisehemu vya vinasaba, kila kimoja kikiwa na athari ndogo mno. Mwenzetu aliegemea jeni moja, DRD4, inayohusika na upokeaji wa dopamini ubongoni. Mwaka 1996 tafiti mbili ziliihusisha na hulka ya kupenda mambo mapya, magazeti yakashangilia. Waliorudia kazi ile baadaye hawakuuona uhusiano huo kwa uthabiti. Habari hiyo ya pili haikushangiliwa na yeyote.

Ni kweli wapo watafiti wa Poland waliolinganisha wanamichezo wa mapigano na watu wa kawaida, wakawapa hojaji ya haiba na kupima jeni hiyo na nyinginezo. Ila zisomeni tafiti hizo kwa makini. Washiriki ni mamia machache, na wanamichezo wenyewe wamekwisha kupitia miaka ya mazoezi. Mtu aliyekabili ngumi kila jioni kwa miaka kumi akajifunza kutotaharuki, ukimuuliza leo kama huingiwa na wasiwasi upesi, atakujibu nini? Ulinganisho huo hauwezi kutuambia kama utulivu wake alizaliwa nao, ama aliupata ulingoni, ama wasiokuwa nao waliuacha mchezo kitambo. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lilitamka wazi katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo kwamba vipimo vya vinasaba havina nafasi katika kutambua vipaji vya watoto. Mtoa mada hakulitaja.

Sisi Wakenya tuna sababu ya ziada ya kuhadhari. J. C. Carothers, aliyewahi kuisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliandika mwaka 1953, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi wakageuzwa wagonjwa. Simlinganishi msomi wetu na Carothers, maana kijana huyu ana nia njema. Njia, hata hivyo, ni ile ile: swali la siasa linahamishiwa mwilini mwa raia, na mwenye mamlaka anapona.

Robert Wangila alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Mwaka 1994 alifariki kwa majeraha ya kichwa baada ya pigano la Las Vegas. Tangu dhahabu yake Kenya haijapata nyingine ya ndondi. Je, vinasaba vyetu vilibadilika? Katika mtaa nilikokulia, ukumbi ambamo vijana walijifunzia ngumi sasa hukodishwa kwa harusi, na gunia la mazoezi lilikwisha kuoza.

Nilipopewa nafasi nilimuuliza mtoa mada kipimo kimoja kingegharimu kiasi gani, na kwa fedha za kuwapima watoto mia moja tungenunua jozi ngapi za glavu, na kumlipa daktari wa kando ya ulingo kwa mapigano mangapi. Mwenyekiti akasema muda umekwisha.