Waya, Kopo na Mkono wa Mtoto

Msomaji wetu aliye zamu kwenye daraja la Rusizi huenda akashangaa kuona ukurasa huu ukizungumzia treni za kuchezea. Rwanda haina reli, na watoto wengi wa Kamembe na Bugarama hawajapata kuona garimoshi kwa macho yao. Hata hivyo tunamwomba avumilie kidogo, kwa kuwa malalamiko ya waundaji wa treni ndogo huko Ulaya yana somo kwa kila askari aliye na mtoto nyumbani.

Malalamiko yenyewe ni haya. Zamani kijana wa mfanyakazi wa kawaida aliweza kwenda dukani na fedha kidogo, akanunua pakiti ya vipande na gundi, kisha akaketi mezani na kuunda behewa au kichwa cha treni kwa mikono yake. Frank Hornby wa Liverpool, yule aliyepata hataza ya vipande vya chuma vya Meccano mwaka 1901, alipotoa treni zake za kwanza mwaka 1920 alizitengeneza ili mtoto aweze kuzifungua na kuziunga tena kwa nati na bolti. Katika miaka ya 1950 Airfix waliuza pakiti za vipande vya plastiki kwa shilingi 2 za Kiingereza, na mwaka 1959 Kitmaster wakaanza kutoa vichwa vya treni vya kuunganisha nyumbani.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1962 Kitmaster ilinunuliwa na Airfix. Kiwanda cha Meccano cha Liverpool kilifungwa mwaka 1979, na Airfix yenyewe ikafilisika mwaka 1981. Katika miaka ya 1990 Hornby walihamishia utengenezaji wao China, na treni zikawa zinafika dukani zimekwisha kuunganishwa na kupakwa rangi. Treni hizo ni nzuri kuliko za zamani, wala hilo halina ubishi. Lakini mishahara ya wafanyakazi wa China ilipopanda, kama ilivyo haki yao, bei nazo zilipanda. Leo kichwa kimoja cha treni kilichokamilika kinaweza kuzidi pauni 200. Pakiti za bei nafuu hazijatoweka kabisa, ila zimekuwa chache, na kijana asiye na kitu hubaki kuangalia kupitia kioo cha duka.

Wapenzi wa treni hizo wameyapokea mabadiliko hayo kwa namna tatu. Wako wanaonung'unika tu na kuzikumbuka shilingi za utoto wao. Wako wanaosema kwamba mtu mwenye kazi nyingi hana muda wa gundi na rangi, na kwamba treni iliyokamilika inamtosha. Na wako waliorudi kwenye kadibodi, mabaki ya mbao na waya, wakakusanyika katika vilabu ambamo wazee huwafundisha vijana. Kwa maoni yetu kundi hili la tatu ndilo lenye busara, maana limetambua kwamba kilichokuwa kikipotea si treni bali ni waundaji.

Sasa tuyalete mambo haya nyumbani. Mtoto wa Rusizi hakuwahi kuingoja meli kutoka Ulaya ili apate vipande vyake. Gari lake amelitoa kwenye waya uliotupwa, magurudumu ameyakata kwenye ndala kuukuu, kopo la nyanya limekuwa bodi, na tete refu limekuwa usukani wa kuliendesha akiwa amesimama wima. Aliyelitazama gari la waya kwa makini atakubali kwamba mtoto huyo amekwisha kujifunza ekseli ni nini, kwa nini magurudumu ya mbele hukata kona, na kwa nini mzigo ukizidi upande mmoja gari hupinduka. Hakuna mwalimu aliyemwandikia mambo hayo ubaoni.

Lakini magari hayo nayo yanapungua. Vyuma chakavu siku hizi vina bei, na waya uliokuwa ukiokotwa bure sasa hupimwa kwenye mizani. Madukani yamejaa magari ya plastiki yanayong'aa. Baba anayerudi kutoka zamu ya mbali hununua moja kwa upendo, na siku ya tatu gurudumu limeng'oka. Mtoto hajui kulifungua, na baba naye hana la kumwonyesha. Gari linatupwa, na linangojwa jingine.

Askari anaelewa hasara ya jambo hili kuliko mtu mwingine. Gari la doria likizimika usiku katika msitu wa Nyungwe, mvua ikinyesha na fundi yuko mbali, anayehitajika ni mtu asiyeogopa kufungua kitu na kukitazama ndani. Mtu huyo haanzi kutengenezwa siku anapovaa sare. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mikono nayo hukunjwa mapema.

Wako watakaodai kwamba tunausifu umaskini. Sivyo. Tungependa kila mtoto wa Rusizi apate vifaa bora, darasa lenye karakana na vitabu vya kutosha. Tunachokataa ni dhana kwamba kitu kilichonunuliwa kinamfundisha mtoto zaidi ya kile alichokiunda. Wako pia watakaotukumbusha kwamba kopo hukata na waya huchoma. Ni kweli, na ndiyo sababu mtu mzima anapaswa kuwa karibu, akishika koleo na kumwonyesha mtoto jinsi ya kukunja makali kuelekea ndani.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi. Kila mwenye mtoto atenge alasiri moja ya likizo yake aketi naye chini waunde kitu pamoja, hata kama ni gari la waya tu. Kila kambi yenye karakana ifikirie kuweka sanduku la mabaki yasiyo na kazi tena, ili watoto wa familia za askari wayatumie. Hapa hatuna budi kusema wazi: mabaki hayo yatolewe kwa idhini ya mwenye dhamana ya bohari. Mali ya serikali ni mali ya serikali hata ikiwa ni nati moja iliyoota kutu, na mtoto anayeletewa kitu kilichoibwa anafundishwa somo jingine kabisa.

Wapenzi wa treni wa Ulaya walizinduka baada ya viwanda kufungwa, na sasa wanatafuta vijana wa kuwarithi. Sisi bado tunao watoto wanaosukuma magari ya waya kwenye miteremko ya Kamembe. Ukimwona mmoja wao ukiwa njiani kwenda zamu, usimfukuze barabarani kwa ukali tu. Msogeze pembeni palipo salama, kisha muulize gari lake amelitengenezaje.