Boti za kisasa: Usalama uanzie mwaloni, kabla chombo hakijaingia majini

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Januari 2024, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wananchi wa Kanda ya Ziwa. Boti hizo hutolewa kwa mkopo nafuu kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania (TADB), kwa lengo la kumwezesha mvuvi mdogo kufika maji ya mbali, kuvua kwa tija na kurejea nchi kavu salama.

Tangu wakati huo mjadala wa wadau umejikita zaidi katika injini, zana za uvuvi, bei ya mafuta na masharti ya urejeshaji wa mkopo. Mambo hayo yana uzito wake. Ipo, hata hivyo, hatua moja ambayo hupewa nafasi ndogo katika mjadala huo, nayo ni ile ya kuitoa boti barabarani na kuiingiza majini. Hatua hiyo huchukua dakika chache na umbali wake hauzidi urefu wa mteremko wa mwalo, lakini ndani yake gari, tela, chombo chenye thamani kubwa na maisha ya watu hukutana mahali pamoja, juu ya ardhi yenye utelezi.

Kwa kikundi kilichokopa, boti ikizama au kupasuka kabla ya safari ya kwanza, deni hubaki palepale. Kwa familia, mtu akibanwa kati ya tela na gari, hakuna mkopo wa kumfidia. Ndiyo maana usalama wa boti za kisasa unapaswa kuanza kuhesabiwa pale zinapowasili mwaloni, wala usisubiri zikiwa katikati ya ziwa.

Kutoka mikono mingi hadi tela moja

Wakazi wa mwambao na wa maziwa makuu wamekuwa wakishua vyombo kwa vizazi vingi. Jahazi lilipomalizika kujengwa, wanakijiji walikusanyika, magogo yakatandazwa chini ya mkuku, kamba zikafungwa, na chombo kikasukumwa taratibu kuelekea majini kwa nguvu ya pamoja. Mtumbwi wa mbao ziwani nao hubebwa au kuburutwa na watu kadhaa. Katika utaratibu huo, wingi wa watu ndio uliokuwa usalama wenyewe: kadiri mikono ilivyoongezeka, ndivyo chombo kilivyodhibitika.

Boti ya faiba imebadili hesabu hiyo. Mara nyingi hutengenezwa mbali na mwalo utakaoitumia, na hufika kwa njia ya barabara. Ikiwa juu ya tela, uzito wake haumo tena mikononi mwa watu, bali umening'inia kwenye ndoano ya gari. Tela na boti vyenye uzito wa jumla wa kilo 2,000 vikiwa kwenye mteremko wa asilimia 15 hulivuta gari kuelekea majini kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 300 hivi. Hakuna kundi la vijana linaloweza kuuzuia mzigo huo ukianza kuteleza.

Hapo ndipo desturi njema ya kusaidiana inapoweza kugeuka hatari. Watu hukimbilia nyuma ya tela kusukuma, wengine hushika ubavu wa boti, watoto husogea kutazama, na kila mmoja hutoa maelekezo yake kwa dereva. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwenye mteremko wa mwalo, methali hiyo ina maana ya moja kwa moja: anahitajika mwelekezaji mmoja tu, anayeonekana na dereva kupitia kioo cha pembeni, na ambaye ishara yake ya kusimama hutiiwa papo hapo. Watu wengine wote hukaa pembeni, mbali na nyuma ya tela na mbali na nafasi iliyo kati ya tela na gari.

Maandalizi hufanyika mahali tambarare

Sehemu kubwa ya kazi ya kushua boti inapaswa kumalizika kabla gari halijaukaribia mteremko. Mahali tambarare kuna muda wa kukagua bila kuharakishwa. Kwenye mteremko kosa dogo hukua haraka, na foleni ya wanaosubiri humfanya dereva aruke hatua.

Jambo la kwanza ni kizibo cha tundu la kutolea maji, lililoko nyuma ya boti karibu na sakafu. Tundu hilo huachwa wazi safarini ili maji ya mvua yatoke, na ni rahisi kulisahau. Tundu lenye upana wa kidole gumba, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, huweza kuingiza zaidi ya lita 20 kwa dakika. Kwa dakika kumi, boti itakuwa imebeba maji yenye uzito wa watu watatu wazima, tena upande wa nyuma ambako injini tayari imeizamisha kidogo.

Baada ya kizibo hufuata injini, ambayo huinuliwa ili mkia wake usigonge saruji wakati tela linashuka. Mafuta, betri na nyavu hupangwa kwa uwiano, na jaketi okozi huwekwa mahali pa kufikika kirahisi. Watakaoingia ndani ya boti huvaa zao kabla ya kushuka. Mikanda iliyoifunga boti kwenye tela huondolewa, isipokuwa ule wa winchi ulioshika pua ya boti. Mkanda huo haufunguliwi mahali tambarare wala katikati ya mteremko, kwa kuwa ndio pekee unaoizuia boti isiteleze na kuangukia saruji kabla ya kufika majini. Kamba ndefu na imara hufungwa mbele ya boti, na mtu mmoja hukabidhiwa ncha yake.

Tela lenyewe linahitaji uangalizi. Nyaya za taa zake huchomolewa kwenye gari ili maji yasisababishe shoti. Baada ya safari ndefu, beringi za magurudumu huwa za moto. Zikitumbukizwa ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupita kwenye mpira wa kuzuia grisi. Grisi ikiharibika, beringi hushika kutu, na madhara yake huonekana siku nyingine barabarani, gurudumu linapokwama au kuchomoka. Kusubiri beringi zipoe ni gharama ndogo kuliko hiyo.

Muda huo wa kusubiri unatosha pia kupitia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Upepo na mawimbi humwathiri mvuvi kabla hata hajaondoka mwaloni, kwa kuwa boti iliyoanza kuelea huku bado ikiwa juu ya tela hugongwa huku na huku na kuharibika.

Mteremkoni, haraka haina baraka

Dereva anapaswa kushuka na kuukagua mteremko kwa miguu kabla ya kurudisha gari nyuma. Anachotafuta ni mwisho wa saruji chini ya maji, mashimo, mawe, na mstari wa ute wa kijani unaoonyesha utelezi unaanzia wapi. Gurudumu la tela likipita ukingo wa saruji na kudumbukia, kulitoa kunaweza kuhitaji kuipakua boti kwanza.

Kurudisha tela nyuma kunahitaji mazoezi, kwa sababu huelekea upande ulio kinyume na usukani. Njia inayowasaidia madereva wengi ni kushika usukani sehemu ya chini: mkono ukienda kulia, tela huenda kulia. Mwendo uwe wa polepole na usukani uzungushwe kidogo kidogo. Tela likianza kujikunja dhidi ya gari, suluhisho ni kusimama, kwenda mbele hadi vinyooke, kisha kuanza upya. Mazoezi hayo yafanyike uwanjani, tela likiwa tupu, si siku ya kupokea boti mpya.

Tela linaposhuka kiasi kwamba nyuma ya boti inaanza kuelea, gari husimamishwa. Breki ya mkono peke yake haitoshi, kwa kuwa katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yaliyo karibu zaidi na utelezi. Kwa hiyo gari huachwa kwenye gia, breki ya mkono huvutwa, na kabari za mbao au mawe imara huwekwa chini ya magurudumu kabla mtu yeyote hajasogelea tela. Madirisha ya gari yawe wazi na dereva awe amefungua mkanda wa kiti muda wote gari linaporudi nyuma kuelekea majini. Lolote likitokea, atahitaji kutoka haraka.

Ni baada ya hatua hizo tu ndipo mkanda wa winchi hufunguliwa na boti kusukumwa taratibu huku kamba ikiwa mkononi. Ikishaelea, husogezwa pembeni na kufungwa, na gari hupandishwa ili kuwapisha wengine. Kabla ya abiria au mizigo mingine kuingia, sakafu ya boti hukaguliwa kama kuna maji, na injini huwashwa ikiwa tayari imeshushwa, kwa kuwa hupozwa na maji inayoyavuta kutoka nje.

Maji hupanda na kushuka

Mteremko uliofaa jana unaweza usifae leo. Katika mwambao wa Bahari ya Hindi, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kina huzidi mita 3. Anayeshua boti maji yakiwa yamekupwa anaweza kukuta mwisho wa saruji uko nchi kavu. Anayerejea bila kuzingatia saa za maji anaweza kupwelewa mbali na ufuo. Ratiba ya maji ni sehemu ya ratiba ya kazi, na wazee wa mwambao hawakuwahi kuitenga na safari.

Ziwani hakuna kujaa na kupwa kwa namna hiyo, lakini kina hubadilika kwa misimu na miaka. Mei 2020, Ziwa Victoria lilifikia mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, Uganda, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hapo hadi wakati huo. Maji yalivamia mialo na makazi ya kando ya ziwa katika Tanzania, Kenya na Uganda. Funzo lake kwa wapangaji wa miundombinu ni kwamba mteremko unaojengwa kwa kufuata kina cha mwaka mmoja unaweza kumezwa au kuachwa juu na kina cha mwaka mwingine.

Wajibu wa mwalo na mamlaka

Mvuvi mwenye nidhamu bado anahitaji mahali panapostahili. Viwango vinavyotumika katika ujenzi wa miteremko ya boti hupendekeza mwinamo wa kati ya asilimia 12 na 15. Ukiwa mdogo kuliko huo, gari hulazimika kuingia majini ndipo boti ielee. Ukiwa mkali zaidi, gari hushindwa kupanda na mzigo. Saruji yenye mifereji ya mlalo huwapa magurudumu mshiko, na kusuguliwa kwa ute wa kijani mara kwa mara hakugharimu zaidi ya brashi na muda.

Halmashauri zinapoandaa mipango ya kuboresha mialo, eneo la kushushia boti linafaa kutenganishwa na eneo la kuoshea vyombo, kuanikia dagaa na kuchezea watoto. Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU), vinavyoijua mialo yao kuliko mtu mwingine yeyote, vina nafasi ya kuweka utaratibu wa zamu, kumteua mwelekezaji na kuwazuia watazamaji. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), linalokagua usalama wa vyombo vidogo, nalo hukutana na wamiliki wakati wa ukaguzi, fursa inayofaa kwa elimu hii.

Mteremko mzuri humnufaisha pia asiyekuwa mvuvi. Ajali inapotokea majini, boti ya uokoaji inayoletwa kwa barabara hutegemea mteremko uleule ili ifike kwa wahitaji. Mwalo uliozibwa na mitumbwi, au usio na mahali pa gari kugeuzia, hula dakika ambazo aliye majini hana. Wananchi wanakumbushwa kuwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 bila malipo.

Uwekezaji katika boti za kisasa umempa mvuvi chombo ambacho baba yake hakuwa nacho. Faida yake itapimwa kwa samaki watakaofika sokoni na mikopo itakayorejeshwa, lakini yote hayo hutegemea kwanza chombo kishuke mteremko kikiwa kizima, na watu waliokishusha wakiwa wazima. Kizibo, kabari, kamba na mwelekezaji mmoja havihitaji bajeti kubwa. Vinahitaji vikundi viviingize katika utaratibu wao wa kila siku, na kusiwe na boti inayoguswa na maji kabla havijakaguliwa.