Tulichukua Sauti za Bara Hindi, Tukaacha Daftari

Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na minne nilitenda jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka huona haya. Mwalimu wetu wa chuoni alijaaliwa sauti ya kusomea Maulidi ya Barzanji ambayo watu walikuwa wakitoka mitaa ya mbali kuja kuisikiliza. Usiku mmoja ami yangu akainasa sauti hiyo katika kaseti. Juu ya kaseti hakuandika kitu, si jina la msomaji, si tarehe, wala nyumba iliyosomewa. Ikakaa kabatini miezi mingi. Mimi nikaidhani tupu, nikaitia katika redio na kurekodi juu yake nyimbo za sinema ya Kihindi zilizokuwa zikivuma wakati ule.

Mwaka uliofuata mwalimu akafariki, Mungu amrehemu. Siku ya arubaini yake ami akaitaka ile kaseti watu wasikilize. Ilipowashwa, ikatoka sauti ya mwanamke akiimba Kihindi. Ami hakunipiga. Alinitazama tu, kisha akasema, "Mwanangu, umemzika mara ya pili."

Nimelieleza jambo hili, msomaji mpenzi, kwa sababu ya zawadi niliyoletewa na mpwa wangu aishiye Uingereza. Alinijia likizo na santuri kadhaa za CD za kampuni iitwayo Navras, iliyoanzishwa London mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kampuni hii ilikuwa ndogo na ya kujitegemea, isiyo chini ya yale makampuni makubwa ya muziki. Kazi iliyojichagulia ni muziki wa jadi wa Bara Hindi pamoja na nyimbo za ibada za huko, na nyingi katika sahani zake zilirekodiwa hadharani, watu wameketi wanasikiliza. Jina lenyewe limetokana na ladha tisa ambazo wanazuoni wa sanaa wa Bara Hindi wanazihesabu: mapenzi, kicheko, huzuni, hasira, ushujaa, khofu, chukizo, mastaajabu na utulivu. Nani mtunga shairi asiyezijua ladha hizo, hata kama hajawahi kuzihesabu?

Nilizisikiliza sahani zile kwa juma zima. Lakini kabla ya kunivutia ala na sauti, kilichonishika ni kijitabu kilichotiwa ndani ya kila kasha. Humo umeandikiwa mwimbaji au mpigaji ni nani, nani aliyemfuatia kwa tabla, raga gani, na mwendo gani wa mapigo. Hapo nikaikumbuka kaseti ya ami.

Tuseme kidogo juu ya raga, maana wengi wetu tuliozoea nyimbo za sinema hatuijui. Raga si wimbo. Ni mfano wa bahari katika utunzi wetu: imewekewa kanuni na njia zake, na kila fundi aingiaye humo huogelea kwa pumzi zake mwenyewe. Kuna raga za alfajiri kama Bhairav, za jioni kama Yaman, na za usiku mkubwa kama Darbari, ambayo hutajwa kuwa ya Tansen, fundi wa baraza la mfalme Akbar. Fundi huanza polepole bila ya ngoma, akiichunguza sauti moja baada ya moja, na nyuma yake tambura inavuma bila kukoma. Tabla huingia baadaye. Raga moja huweza kuchukua saa nzima, na mwenye haraka asije.

Sasa fikiri sanaa ya namna hiyo ilipokutana na gramafoni. Mwaka 1902, mjini Calcutta, mwimbaji mashuhuri Gauhar Jaan aliimba mbele ya pembe ya mashine iliyoletwa na Waingereza. Sahani za zama zile zilichukua kiasi cha dakika tatu tu. Bibi yule, ambaye watu walikesha kumsikiliza, ilimbidi aikunje bahari aitie katika kikombe. Lakini tazama alivyofanya mwishoni: akalitaja jina lake kwa sauti, kwa Kiingereza, ili mafundi wa kiwandani wajue sahani ile ni ya nani. Amefariki tangu 1930, na jina lake lingali linasikika katika sahani hizo kwa kinywa chake mwenyewe.

Miaka ikapita, sahani zikarefuka. Mwaka 1955 Ali Akbar Khan, bingwa wa sarod, alirekodi Marekani sahani ndefu iliyokuwa ya kwanza ya muziki wa jadi wa Bara Hindi, na kila upande akaupiga raga moja. Zikaja kaseti katika miaka ya 1980, zikavunja utawala wa kampuni moja kubwa iliyokuwa imelishika soko la India. Kila mji ukapata kampuni zake, na nyimbo za ibada zikauzwa kwa bei ambayo hata mchukuzi aliiweza. Kisha CD, zichukuazo zaidi ya saa nzima bila kugeuzwa upande. Hapo ndipo kampuni ndogo kama Navras zilipopata nafasi. Kampuni kubwa hupenda wimbo mfupi unaouzwa upesi. Ndogo ilikubali kuuza raga moja kwa watu wachache, ili mradi imetimia.

Na rafu la kampuni hii lina jambo jingine la kutufaa. Humo hukaa Shivkumar Sharma na santoor yake, ala ya nyuzi nyingi ambayo jina lake linafanana na neno letu santuri, pamoja na Hariprasad Chaurasia na filimbi yake ya mwanzi. Na humo humo hukaa marehemu Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1997, na qawwali alizoziimba mbele ya watu London. Mpaka uliochorwa mwaka 1947 ulizigawa nchi, haukuweza kuzigawa raga.

Qawwali ni jamaa ya kasida zetu. Watu wa Delhi humtaja Amir Khusrau, mshairi aliyefariki mwaka 1325 na kuzikwa karibu na sheikh wake, Nizamuddin Auliya, kuwa ndiye aliyeiasisi. Kwa desturi huanza na kumhimidi Mwenyezi Mungu, kisha kumsifu Mtume, kisha kuwataja wacha Mungu. Aliyekulia chuoni Lamu au Mombasa haulizi maana ya mpango huo. Anaujua.

Najua wako watakaoniambia: "Bwana, sahani hizo zina na nyimbo za kuabudia miungu ya Wahindu. Wewe Mwislamu unazitakia nini?" Swali ni la haki. Jibu langu ni kuwa sikuzisikiliza kwa kuabudu. Nilizisikiliza kwa kujua jirani anavyokitunza kitu chake. Na Waislamu wa Bara Hindi wenyewe hawakuukimbia muziki huo. Bismillah Khan wa Banaras, aliyefariki mwaka 2006, alikuwa Mwislamu aliyeshika dini, na zumari lake la shehnai lilisikika hekaluni pia. Ukoo wa Dagar ni Waislamu, nao ndio walioihifadhi dhrupad, uimbaji mkongwe kupita wote unaoimbwa mpaka leo huko kaskazini.

Wako pia masheikh wetu wasioridhia ala kabisa. Hapa sina ubishi nao, kwani hoja yangu haitegemei ala. Kasida isiyo na hata tari inapotea sawasawa na taarab yenye fidla kumi. Sauti ya mwalimu wangu haikuwa na ala yoyote, nami niliifuta.

Ama sisi watu wa pwani, tumekula katika sinia la Bara Hindi muda mrefu. Siti binti Saad alipotaka kurekodi mwaka 1928 alivuka bahari akaenda Bombay, na kama si sahani zile tungelibaki na sifa zake tu bila ya sauti. Marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, alizivisha tuni za Kihindi maneno ya Kiswahili mpaka Mombasa nzima ikadhani zimezaliwa Mji wa Kale. Katika vyumba vya sinema vya mji wetu tulijifunza nyimbo tusizozijua lugha, tukarudi nazo nyumbani midomoni. Sioni haya kwa hilo. Mkopo wa sauti hauna riba.

Haya yangu ni kwamba tuliichukua sauti tukaliacha daftari. Mombasa ilikuwa na kampuni yake, Mzuri, ya duka la Assanand, iliyotoa sahani za taarab tunazozitafuta leo kwa tochi. Hatukukosa wafanya biashara wa kuurekodi muziki wetu. Tulichokosa ni tabia ya kuandika na kuweka. Mara ngapi umeona kaseti ya taarab yenye jina la mwimbaji peke yake, na mtunzi wa shairi hatajwi? Mwimbaji hutuzwa noti jukwaani, na aliyekesha akipima mizani ameketi nyuma kama mgeni. Mwaka 1983 ulitoka Marekani mkusanyiko wa taarab yetu, Songs the Swahili Sing, kwa juhudi ya kampuni nyingine ndogo, Original Music. Nashukuru. Lakini si aibu kuwa mgeni ndiye aliyeona kuwa kitu hiki kinastahili kukusanywa, hali sisi tulikuwa tukikifuta?

Utasema leo mambo yamekuwa mepesi, kila mtu ana simu na kila harusi inarekodiwa. Kweli. Lakini kwangu huletwa vipande vya simu kila Ijumaa: sauti nzuri, imeanza katikati, imekatwa kabla ya mwisho, na nikiuliza ni nani, jibu ni "nimetumiwa tu." Hiyo ndiyo kaseti ya ami yangu iliyozaliwa upya. Simu ikianguka baharini, imekwenda na wote waliomo. Na hao wenye kampuni ndogo wenyewe wamepatwa. Watu hawazinunui CD kama zamani, na kusikiliza bure kumezitia shida kampuni nyingi. Hata hivyo kazi iliyokwisha kuandikwa huhamishwa kutoka chombo hiki hadi kile, kwa sababu ina jina la kuitiwa. Kisicho na jina nani atakihamisha?

Maoni yangu basi ni haya. Hatuna haja ya kungoja serikali wala mfadhili. Kampuni kama ile ya London ilianza na watu wachache waliopenda kitu wakakifuata. Vijana wawili wa Mombasa, Malindi au Lamu, wenye mashine moja nzuri na subira, waweza kuanza na wazee watano. Warekodi kasida yote kuanzia bismillahi mpaka dua, si kipande. Wamwombe mzee idhini, na kikiuzwa kitu apate fungu lake. Waandike jina la msomaji, la mtunzi akijulikana, mahali, na tarehe, ya Kiislamu na ya Kizungu. Kisha waweke nakala nyumba mbili mbalimbali. Ikiwa wanunuzi ni hamsini, na iwe hamsini. Raga ya saa nzima nayo haikuuzwa sokoni kama maandazi.

Mimi nimekwisha kuanza. Mfungo Sita uliopita nilikwenda kwa mzee mmoja wa mtaani petu, mwanafunzi wa yule mwalimu wangu, nikamwomba asome kama alivyofundishwa. Alisoma kwa zaidi ya saa nzima. Mahali pawili nilisikia mwalimu akipita katika koo yake, ile namna ya kuivuta sauti na kuishusha polepole, nikainamisha kichwa nisionekane. Alipomaliza nilimpa kalamu, nikamwambia, "Mzee wangu, andika jina lako hapa." Akaandika lake, na chini yake, bila kuambiwa, akaandika la mwalimu.

Nawe msomaji, ikiwa kabatini mwako kuna kaseti isiyoandikwa kitu, tafadhali usiseme ni tupu. Isikilize kwanza mpaka mwisho, pande zote mbili.