Programu Ipimwe Pale Itakapofanya Kazi

Imekuwa desturi katika ofisi zetu kupokea programu za kompyuta kwa shangwe. Mkutano huitwa, picha hutupwa ukutani, kijana aliyeiandika hubonyeza hapa na pale, wakubwa hupiga makofi, na hati ya mapokezi hutiwa saini kabla chai haijapoa. Swali ambalo haliulizwi ni hili: nani ameipima programu hiyo, amepima nini, na amepimia kwenye kompyuta ipi?

Mwandishi wa safu hii alikuwapo siku moja katika kituo cha ushirika wa wakulima wa mwani, ambao hatuna haja ya kuutaja jina. Kijana wao mmoja alikuwa ameandika programu ya kukokotoa malipo. Kazi yake ilikuwa kusoma daftari la mizani, kutafuta nambari ya mwanachama, na kuzidisha kilo kwa bei. Nyumbani kwake, kwenye Windows, ilifanya kazi bila dosari. Ilipohamishiwa kwenye kompyuta ya kituo, ambayo inaendeshwa kwa Linux kwa kuwa haina ada ya leseni, kila mwanachama aliandikwa kuwa hajulikani, isipokuwa bibi mmoja tu, wa mwisho katika orodha. Kwa bahati mbaya bibi huyo alikuwa shangazi yake kijana. Ndugu msomaji anaweza kukisia maneno yaliyosemwa pale ukumbini.

Kumbe hapakuwa na upendeleo wowote. Windows hufunga kila mstari wa maandishi kwa alama mbili zisizoonekana, na Linux hufunga kwa alama moja. Faili iliandikwa kwenye Windows, ikasomwa kwenye Linux, na ile alama ya ziada ikang'ang'ania mwisho wa nambari ya kila mwanachama, hata nambari zote zikawa ngeni. Mstari wa mwisho haukuwa na alama ya kuufunga, na kwa hiyo shangazi alisalimika. Ilichukua siku tisa kulitambua hilo, na kina mama wale walikaa siku tisa bila malipo.

La kusikitisha zaidi ni kwamba kijana alikuwa amepima. Alikuwa na majaribio yake nyumbani, na yote yalifaulu. Lakini chombo alichotumia kupimia kilikuwa kizito, chenye kutegemea vifurushi vingine ambavyo navyo vinategemea vingine, na vya kushushwa kutoka intaneti. Kituoni mtandao ni wa kubahatisha. Hivyo programu ilisafiri na majaribio yakabaki nyumbani.

Lugha aliyoitumia ni Lua, na historia yake inafaa kujulikana na maofisa wetu. Lua ilibuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazil, na Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1992 nchi hiyo iliweka vizuizi vikali juu ya mitambo na programu za kompyuta kutoka nje, na wataalamu wake wakazoea kujitengenezea vyombo vyao. Kazi ya mwanzo ilikuwa ya Petrobras, shirika la mafuta la nchi hiyo, ambalo lilikuwa na kompyuta za namna nyingi. Kwa sababu hiyo Lua iliandikwa kwa C ya kawaida tu, isiyoegemea mtambo wowote, na hata leo haifiki nusu ya megabaiti. Jina lake ni neno la Kireno lenye maana ya mwezi. Kuifunga lugha nyepesi kama hii kwenye chombo cha kupimia kisichoweza kubebeka ni sawa na kuchukua mtumbwi na kuupakia nanga ya meli.

Maktaba ya kupimia, yaani fungu la amri zilizokwisha andikwa ambazo programu nyingine huziita, haihitaji kuwa kubwa. Inatakiwa iendeshe kila jaribio ndani ya kinga, ili moja likianguka mengine yaendelee, na Lua inayo amri ya pcall kwa ajili hiyo. Inatakiwa ilinganishe kilichotarajiwa na kilichopatikana, na hapa pana mtego, maana katika Lua majedwali mawili yenye vitu vile vile hayahesabiwi kuwa sawa kwa alama ya usawa. Maktaba lazima iingie ndani na kulinganisha kimoja kimoja, tena ikumbuke ilikokwisha pita, kwani jedwali laweza kujirejea lenyewe na hesabu isiishe milele. Mwisho itoe taarifa, na iiachie kompyuta sifuri ikiwa yote yamefaulu, au moja ikiwa kuna lililoshindwa. Mistari mia au mia mbili inatosha, katika faili moja, bila rangi za madaha ambazo baadhi ya skrini huzigeuza kuwa takataka.

Kuhusu taarifa, hatuna haja ya kubuni upya. Larry Wall alipoitoa lugha ya Perl mwaka 1987, majaribio yake yaliandika mstari mmoja kwa kila jaribio, wenye neno la kukubali au kukataa na nambari yake, na programu ya pembeni ikahesabu. Mtindo huo ungali unatumika katika lugha nyingi. Maelezo yanayofuata nambari yaandikwe kwa Kiswahili, ili karani wa wilaya aelewe kilichoharibika bila kumpigia mtu simu.

Toleo la lugha lenyewe nalo ni mtambo wa namna yake. Lua 5.3, iliyotoka mwaka 2015, ilitenganisha nambari kamili na nambari zenye desimali. Tangu hapo, kumi ukiigawa kwa mbili huandikwa 5.0, ambapo zamani iliandikwa 5. Kwa lugha yenyewe hizo mbili ni sawa, na jaribio linalolinganisha nambari litapita bila kusema neno. Mwananchi atakayepokea stakabadhi ya shilingi 12500.0 ndiye atakayeshangaa. Kwa hiyo hapana budi kupima maandishi ya stakabadhi yenyewe, si hesabu peke yake.

Waliopita chuoni wanakumbuka kwamba mwalimu hakutosheka na somo la leo. Kabla ya kupewa jipya ulisomeshwa la jana na la juzi, maana kila jipya lilikuwa na hila ya kusukuma la zamani nje ya kichwa. Programu nazo ndivyo zilivyo, na kila zikirekebishwa majaribio yote ya nyuma yarudiwe.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye vituo vidogo. Tuwakumbushe tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliporuka kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ikaharibika baada ya sekunde zipatazo arubaini. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako haikuwa na lawama. Katika chombo kipya chenye mwendo mwingine, nambari moja ilizidi nafasi iliyotengewa. Haikuwa imejaribiwa kwa mwendo wa safari ile.

Wako pia watakaouliza kwa nini tuandike maktaba nyingine wakati zipo. Swali hili ni la haki. LuaUnit ipo, ni faili moja, haitegemei kingine, na ofisi yenye haraka na iichukue leo. Hata hivyo tunawashauri vijana wetu waandike ya kwao angalau mara moja, kwani kazi ya siku chache inamfundisha mtu maana ya neno "sawa" kuliko miezi ya kutumia cha mwenzake. Tusichokubali ni chombo ambacho hakiwezi kufika Micheweni ndani ya kidude cha kuhifadhia faili.

Kwa hiyo maofisa wanaotayarisha zabuni waongeze masharti mawili. Programu ikabidhiwe pamoja na majaribio yake na chombo cha kuyaendeshea, bila kuhitaji intaneti. Na hati ya mapokezi isitiwe saini mpaka karani wa ofisi husika, kwa mkono wake mwenyewe na kwenye kompyuta ile ile atakayofanyia kazi, ameyaendesha majaribio hayo kwa amri moja na kuambatisha taarifa yake. Chai iletwe baada ya hapo.