Bana Kijino cha Ndoana
Anayevua kwa chambo bandia katika mito ishukayo Usambara kwenda Pangani, na nia yake ni kumrudisha samaki majini, akibane kwa koleo kile kijino kinachorudi nyuma kwenye ncha ya ndoana. Bila kijino, ndoana huchomoka kwa mgeuzo mmoja. Nacho, hasa kwenye ndoana ya ncha tatu, mdomo huchanika, samaki hukosa pumzi akishikiliwa nje ya maji, na mkono mkavu humfuta utelezi unaomkinga. Wapo watakaosema samaki atawaponyoka. Mshipi ukikazwa haponyoki ovyo. Na wa kuachiwa akijiachia mwenyewe, hasara iko wapi? Mtafuta kitoweo simgusi. Ila mto Pangani una perege wake wa asili wa kutunzwa, Oreochromis korogwe, mwenye jina la Korogwe yetu. Wenye koleo, baneni.